Jina Nililomwazima Evaline

Nianze kwa kusema kwamba nilifaulu. Mwaka 1999, katika shule yetu ya msingi kule Mwika, watoto sabini na wawili tulifanya mtihani wa darasa la saba. Waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali walikuwa wanne, na msichana alikuwa mmoja tu. Msichana huyo ni mimi, Rozina Emmanueli Mlay. Natanguliza hilo kwa sababu hapa Guangzhou, China, ipo karatasi inayosema vingine, na wapo watu wa mtaa wa Xiaobei wanaonisalimia kwa huruma tangu waisome. Huruma yao wakae nayo.

Mdogo wangu Evaline nimemzidi miaka miwili, lakini tulisoma darasa moja. Mimi nilicheleweshwa kuanza shule kwa ajili ya kulea watoto, yeye akapelekwa kwa wakati, tukawa madawati ya jirani mpaka la saba. Yeye hakuchaguliwa. Januari iliyofuata mama alikuwa kitandani, miguu imemvimba baada ya uzazi, na zizini kulikuwa na ng'ombe wawili wa kukatiwa majani. Baba akatuita jikoni. Akasema nafasi ya serikali haiachwi ikapotea, ila Rozina akiondoka nyumba hii itakufa njaa, maana Rozina anajua kazi na Evaline hata moto kuwasha unamshinda. Kwa hiyo Evaline ataenda kusoma kwa jina la dada yake. Akimaliza, Rozina atapelekwa masomo ya jioni Moshi mjini.

Usishangae. Enzi zile kila kitongoji kilikuwa na mtu wa namna hiyo. Mtu alikuwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la shule, na lile la shule mara nyingine lilikuwa la binamu aliyeolewa au la kaka aliyekimbilia machimboni Mererani. Walimu walijua, wakafumba macho. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsindikiza Eva, sanduku la bati kichwani kwangu, yeye kashika ndoo na jembe jipya. Mlinzi wa getini akauliza, Rozina ni nani kati yenu? Tukanyoosha mikono wote wawili. Kisha mimi nikashusha wangu, tukacheka sana, nikarudi nyumbani kukata majani.

Masomo ya jioni hayakuja. Baba alifariki Eva akiwa kidato cha tatu, na baada ya hapo nani angenikumbuka? Niliuza mitumba Moshi, nikaolewa, nikaachika, nikapata Lucas na dada yake, nikahamia Kariakoo, na miaka tisa iliyopita nikaja huku. Kazi yangu ni kununulia watu. Mwenye duka Dar ananitumia picha ya gauni, mimi alfajiri nipo Shahe, soko la nguo za jumla, nabishana na mama wa Kichina anayenijibu "meiyou", yaani hakuna, huku gauni lenyewe limening'inia nyuma ya kichwa chake. Nafunga robota, napeleka kwa watu wa kargo, linapanda meli. Lugha ya soko naijua, hesabu za kichwa naziweza kuliko wenye digrii. Nilichokosa ni cheti cha kidato cha nne.

Na cheti hicho nilikihitaji kweli, si cha kutundika ukutani. Nimechoka kufunga marobota nikawaachia wanaume wayatoe bandarini. Nilitaka kusoma kozi ya uwakala wa forodha Dar, nirudi nyumbani, nifungue ofisi yangu. Kozi hiyo haipokei mtu bila kidato cha nne. Niliuliza mara tatu nikijifanya namwulizia mwingine, jibu likawa lile lile.

Sasa Eva. Miaka minne iliyopita alipata ufadhili wa kuja kusoma udaktari wa falsafa hapa hapa Guangzhou, na somo lenyewe ni elimu ya watu wazima. Kwenye makaratasi yake yote ni Rozina Emmanueli Mlay, kama mimi, tofauti ni mwaka wa kuzaliwa. Siku ya kwanza kumtembelea chuoni, mlinzi wa geti alinipa daftari la wageni. Nikaandika jina langu, halafu jina la mwenyeji wangu. Mzee akanirudishia, akinionyesha kwa kidole kwamba nimejaza kitu kimoja mara mbili. Eva akashuka na kitambulisho, mimi nikatoa pasipoti, mzee akavilaza pamoja mezani: jina moja, sura mbili. Akacheka, akatunyooshea dole gumba, nasi tukacheka. Sikuwa na neno moyoni, nakuapia. Nilijivunia. Niliona kwamba jina langu limefika mbali kuliko miguu yangu.

Yeye ndiye aliyeanzisha darasa. Mwenye ofisi moja ya kargo mtaa wa Dengfeng alitupa chumba ghorofa ya tatu, kila Jumapili saa tisa alasiri, wakati watu wametoka kanisani na wengine wameshaswali adhuhuri. Tulikalia marobota yanayosubiri kontena. Eva alipata watu wa kuwaandika kwenye tasnifu yake, sisi tulipata mwalimu. Tulikuwa kumi na mmoja. Alikuwepo Abdulrazak wa Tanga, mpishi wa mgahawa wa chini, mtu mpole asiyependa kumkatiza mwenzake. Alikuwepo Nelly, msusi kutoka Mbeya, mwenye mdomo usio na breki. Eva tulimwita Madam. Mimi niliitwa Mama Lucas, kama ninavyoitwa na mji mzima, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kujiuliza habari za majina yetu.

Lengo lilikuwa mtihani wa maarifa, ule watu wanaouita QT, kwa sisi ambao hatukuikanyaga sekondari. Unaufanya Novemba nyumbani, ukifaulu unaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Eva alikubaliana na kituo kimoja Moshi kitusajili wote kwa pamoja. Mwezi wa kwanza alikusanya nakala za pasipoti zetu na maelezo ya darasa la saba. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa, tarehe 28 Februari.

Nilisoma mwaka ule, ndugu yangu. Nilisoma kwenye treni ya chini kwa chini, nilisoma nimekaa juu ya robota nikisubiri gari la mizigo. Aljebra ilinitoa jasho, lakini Kiswahili na historia nilikuwa wa kwanza, na Eva aliporudisha karatasi zangu alikuwa akisema mbele ya wote, "Mnaona? Kichwa hiki kilipotea bure." Nikawa naona aibu kama mtoto. Nilimpenda sana siku hizo. Nilikuwa naona kwamba hatimaye Mungu amenipa zile jioni za Moshi, na aliyeniletea ni yule yule niliyembebea sanduku.

Jumapili ya tarehe 23 Februari, tukiwa darasani, Shahe ikiwa imeshafunguliwa baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, Eva alirusha orodha ya watahiniwa kwenye kundi letu la WeChat. Alisema kila mtu akague herufi za jina lake kabla dirisha halijafungwa. Nikatelezesha kidole. Namba moja, Abdulrazak. Namba nne, Nelly. Nikafika mwisho sijajiona. Nikarudi juu. Rozina hayupo.

Nelly ndiye aliyeuliza. "Madam, huyu namba saba ni mgeni? Evaline Emmanueli Mlay?"

"Ni Mama Lucas," Eva alisema, akiwa anafuta ubao, mgongo ametugeuzia. "Hilo ndilo jina lake la shule."

Nikaifungua tena ile orodha. Namba saba: Evaline Emmanueli Mlay, darasa la saba 1999, hakuchaguliwa. Nililisoma neno hilo mara tatu. Watu wote kumi walikuwa nalo kwenye simu zao. Nikaona Nelly ananitazama kwa jicho jingine, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtania kila wiki kwamba kichwa chake kimejaa rasta tu. Abdulrazak akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Dada yangu, usiinamishe kichwa. Hata mimi la saba nilifeli. Si aibu." Alikusudia wema. Nilitamani robota nililokalia linimeze.

Nilingoja watoke wote. Nilifunga mlango.

"Eva, namba saba ni nini?"

"Dada, tuongee kwa utulivu."

"Nimetulia," nikasema.

Akakaa kwenye robota la mbele yangu, akaunganisha viganja vyake kama anavyofanya akitaka kufundisha kitu kigumu. Akanieleza kwamba jina la Rozina limeshatumika. Namba yangu ya darasa la saba ilishakwenda sekondari, ikafanya kidato cha nne mwaka 2003, ikaenda mpaka chuo kikuu. Mtu hawezi kusajiliwa mtihani wa maarifa kwa namba ambayo ina shahada mbili. Jina la Evaline, akasema, lipo, halijaguswa tangu mwaka ule. Amelitafuta yeye mwenyewe na amelikuta.

"Pasipoti yangu ni Rozina," nikamwambia. "Leseni ya biashara ni Rozina. Vyeti vya kuzaliwa vya wanangu vimeandikwa mama yao ni Rozina. Hicho cheti cha Evaline nikishakipata nikamwonyeshe nani? Watu wa forodha watasema nimekiokota."

"Kuna hati ya kiapo. Unakwenda mahakamani unabadili jina."

"Nibadili mimi."

"Dada, mimi siwezi. Juni natetea tasnifu. Kuna kazi ya uhadhiri inanisubiri na huko wanahakiki vyeti mpaka cha chekechea. Nikifungua mdomo leo sina kidato cha nne, na kama sina kidato cha nne, sina chochote. Miaka ishirini na tano inafutika kwa siku moja."

Hapo alikuwa anasema kweli, na mimi nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Lakini kuna kitu kimoja sikukielewa.

"Na hilo neno hakuchaguliwa?"

"Fomu inadai matokeo ya mwenye jina."

"Jina nilikuazima, Eva. Shule nilikupa. Sasa umenirudishia kufeli kwako mbele ya watu kumi, tena umewaambia ni kwangu."

Eva alikusanya chaki zake kwenye kikopo, akasema treni zitajaa, tutaongea akili zikipoa. Nikabaki mle ndani peke yangu, nikalia kwa hasira. Mimi si mtu wa kulia hovyo. Nimefiwa na nimeachika, nimeibiwa mzigo mzima Shahe, na machozi yangu niliyabana. Siku ile hayakubanika.

Jumatatu nikampigia mama. Ana miaka sabini na moja sasa, miguu bado inamsumbua, lakini kumbukumbu yake ni kali. Nilidhani yeye atakuwa upande wangu, au basi hata katikati. Nikamweleza kila kitu toka mwanzo.

"Jina ni nini, mwanangu?" mama alisema. "Si herufi tu? Tenda wema nenda zako. Wewe una biashara, una watoto, unakula unashiba. Mwenzako akivuliwa hicho kisomo atabaki na nini?"

"Na mimi, mama?"

"Usimharibie mdogo wako. Wewe umeshazoea."

Nikamuaga kwa heshima, nikakata simu. Hayo maneno mawili ya mwisho nilitembea nayo siku nzima. Nilimpita muuzaji niliyekuwa na miadi naye, nikapita na duka la kamba za kufungia mizigo, mpaka nikajikuta nimesimama kituo nisichokijua. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakiniona miaka yote, mtu aliyeshazoea. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimezoeaje.

Chini ya ile orodha kulikuwa na namba ya msimamizi wa kituo cha Moshi, Mwalimu Thadeo. Jumanne nikampigia. Nilimwambia mimi ndiye Rozina wa mwaka 1999, na kwamba aliyesoma kwa jina langu ni mtu mwingine. Hakushtuka hata kidogo. Alisema kesi kama hizo anazipata kila mwaka, wengi wao wanawake.

"Andika barua, dada," akasema. "Eleza ilivyokuwa, taja shahidi aliye hai, nitumie kabla ya Ijumaa. Nitakusajili kwa jina lako kwa masharti, na suala lako nitalipeleka juu. Ila ujue huyo mwingine ataitwa kujieleza."

"Atafungwa?"

"Hilo si langu kusema. Ngoja nami nilitafute jalada la jina hilo, nione kuna nini."

Shahidi ninaye. Mwalimu wetu wa darasa la saba, Bibi Elinami, yu hai, na ndiye aliyesoma majina ya waliochaguliwa siku ile uwanjani. Jioni nikakaa mezani na kalamu. Eva mwenyewe ndiye aliyetufundisha barua rasmi: anwani yako kulia, ya unayemwandikia kushoto, kichwa cha habari herufi kubwa, usilie, usitukane, sema unachotaka. Nikaandika hivyo hivyo. Niliandika kwamba mwaka 2000 nafasi yangu ilichukuliwa na mdogo wangu Evaline, kwamba wazazi ndio walioamua, na kwamba sasa naomba jina na namba yangu. Mwishoni nikaongeza sentensi ambayo hakuna aliyenifundisha: Naomba mdogo wangu asiadhibiwe, kwa kuwa alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili na alitii wazazi.

Niliisoma barua ile nikaona ni nzuri. Nikaiweka kwenye mkoba. Na unajua nini? Sikuituma. Nililala nikaamka, nikamwona Eva kichwani mwangu na ndoo yake na jembe, shati la shule limemzidi mabega. Nikasema, Rozina, umengoja miaka ishirini na tano, mwaka mmoja mwingine hautakuua. Mwache atetee tasnifu yake, aende nyumbani, apate kazi yake, halafu mkae na mwanasheria mtafute njia isiyomvunja. Nilishakata shauri. Ukimchekea nyani utavuna mabua, wahenga walisema, lakini huyu hakuwa nyani, alikuwa Eva.

Jumatano asubuhi nikapika mtori. Ndizi nilizipata kwa mama mmoja wa Kikongo pale Xiaobei, nyama nikaichemsha mpaka ikaachana na mfupa. Nikaifunga sufuria kwa kanga, nikapanda treni mpaka chuoni kwake. Mzee wa getini hakunisumbua na daftari, alishanizoea. Eva alifungua mlango akiwa na miwani na nywele hazijachanwa. Alipoiona sufuria uso ukamlegea.

"Dada, nilidhani umeninunia."

"Nimenuna. Kula kwanza."

Akala. Eva akila mtori huwa hainui kichwa, toka utotoni. Nikamtazama, nikawa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia kwamba nimemwachia mwaka huu, asihofu. Ndipo simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya Moshi. Huko kwao ndiyo kwanza kunakucha, nikaona lazima ni jambo la maana. Nikapokea.

"Dada Rozina, samahani kwa kukuamsha," Mwalimu Thadeo alisema.

"Huku ni saa sita mchana, mwalimu. Sema."

"Nimelipata jalada. Kuna barua humo kuhusu wewe. Imetoka kwa huyo Rozina mwingine, wa chuo kikuu. Anasema ana dada yake aitwaye Evaline, hakufaulu darasa la saba, na kwamba dada huyo ametumia jina lake kujipatia pasipoti na leseni za biashara. Anaomba usajili wowote utakaoombwa kwa jina la Rozina uzuiwe, na uchunguzwe. Ameambatisha nakala ya pasipoti yako."

Pasipoti niliyompa mkononi mwezi wa kwanza, kwa ajili ya fomu. Nilimwangalia Eva. Alikuwa anakwangua mfupa kwa kijiko.

"Barua hiyo ni ya lini, mwalimu?"

"Tarehe tatu Februari."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Tarehe tatu ilikuwa Jumatatu, soko limefungwa kwa sikukuu yao, na Eva alishinda kwangu siku nzima. Tulisoma sehemu na asilimia. Nilimsuka. Alilala kitandani kwangu, mimi nikalala chini kwa sababu mgongo wake unamsumbua. Orodha ilikuwa bado haijatoka, hatujagombana, sijamwambia neno baya hata moja. Mimi nilikuwa nangoja hasira zinishuke ili nimsamehe, na yeye alikuwa ameshanishtaki wiki tatu kabla sijajua kama tuna ugomvi.

"Mwalimu, barua yangu utaipata sasa hivi," nikasema, nikakata.

Eva alikuwa ameweka kijiko chini. Sauti ya simu za siku hizi haifichi kitu, alishasikia.

"Nilijua siku moja utaamka utalitaka," alisema. "Nikasema nitangulie. Dada, mimi nina cha kupoteza."

"Na mimi sina."

"Sikusema hivyo."

"Umeandika. Umeandika kwamba mimi ni mwizi wa jina langu. Ungeniambia usiku ule ule, Eva, nikiwa nakusuka. Ungeniambia, dada, naogopa. Unafikiri ningekunyima nini? Kuna kitu gani mimi nimewahi kukunyima?"

Akaanza kulia. Siku nyingine yoyote ningeinuka nikamshika, maana mikono yangu imeshazoea kazi hiyo, mama hakukosea. Sikuinuka. Nilitoa barua yangu kwenye mkoba nikaikunjua juu ya meza yake, kati ya vitabu vyake vya elimu ya watu wazima. Nikachukua karatasi nyeupe na kalamu yake, nikaanza kunakili upya, kwa mwandiko mzuri, bila kuharakisha. Anwani kulia. Ya msimamizi kushoto. Mwaka 2000. Namba ya simu ya Bibi Elinami. Niliongeza mstari mmoja kwamba barua ya tarehe tatu Februari ni ya uongo na niko tayari kusimama mbele ya yeyote pamoja na shahidi wangu. Nikatia sahihi, nikaandika jina langu kamili chini yake.

Eva alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akizisoma karatasi zote mbili. Alisoma ya kwanza mpaka mwisho. Akasoma ya pili, akafika chini, akarudi juu, akatafuta ile sentensi ya kuomba asiadhibiwe. Haikuwepo.

Nikaipiga picha. Akanishika mkono, akaniita Rozina, akanililia kwa jina hilo mara mbili, mara tatu, nisitume. Tangu tunyooshe mikono kwenye geti la shule hajawahi kuniita hivyo. Nilikuwa nimeshatuma.